Chopa ya wagonjwa na mtu wa kusema "leo haturuki"

Foleni ya Barabara ya Morogoro ikishakwama pale Kimara, na katikati yake gari la wagonjwa linapiga king'ora bila kusogea, hakosekani abiria wa daladala wa kusema: "Wenzetu huyu wangeshamleta na chopa." Daladala nzima inaitikia. Na mimi nilikuwa miongoni mwa waitikiaji.

Siku hizi nasita. Chopa siikatai. Jiji la Dar es Salaam, lenye watu zaidi ya milioni tano, lililobanwa na bahari upande mmoja na lenye barabara kuu za kuhesabu vidole, litaihitaji siku moja. Kinachonisitisha ni namna tunavyoizungumzia: kitu cha kununua, kupakwa rangi nyeupe na nyekundu, kukatiwa utepe. Nchi zilizotutangulia katika kazi hii zilizika wauguzi na marubani wengi kabla ya kugundua kwamba kununua mashine ndiyo sehemu nyepesi.

Na sisi wenyewe tumeshaanza kuzika. Desemba 2025, Krismasi ikiwa mlangoni, helikopta iliyokuwa kwenye kazi ya kuwashusha wagonjwa Mlima Kilimanjaro ilianguka upande wa kambi ya Barafu, zaidi ya mita 4,000 juu ya usawa wa bahari. Walikufa watu watano: wagonjwa wawili, na watatu waliokuwa wakiwahudumia, yaani rubani, daktari na mwongoza watalii. Sababu ni kazi ya wachunguzi, siigusi. Nagusa ile hesabu tu: wawili wakiumwa, watano wakafa. Hesabu ya namna hiyo inajirudia sana katika biashara hii, na haikuanzia kwetu.

Wamarekani ndio wenye kumbukumbu ndefu kuliko wote. Bodi yao ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ilipotoa uchunguzi wake mwaka 1988, ilikuwa imepitia ajali 59 za helikopta za wagonjwa zilizotokea kati ya 1978 na 1986. Iligundua kwamba helikopta hizo zilipata ajali 12.34 kwa kila saa 100,000 za kuruka. Helikopta nyingine za kukodi, zinazobeba mainjinia na watalii, zilipata 6.69. Kwenye ajali zenye vifo pengo lilikuwa baya zaidi: 5.40 dhidi ya 1.60. Mashine nyingi zilikuwa za aina zilezile, na anga ni lilelile. Tofauti ilikuwa mgonjwa aliyelala nyuma, au mara nyingi zaidi, mgonjwa anayesubiri kufuatwa.

Nimejaribu kuzileta namba hizo hapa Dar. Tuseme tumepata chopa moja, inaruka saa mbili kwa siku, kila siku ya mwaka. Hizo ni saa 730. Kwa kiwango kile cha Marekani ya miaka ya themanini, tungetarajia ajali moja kila miaka 11, na ajali yenye vifo kila miaka 25 hivi. Viwango vya huko vimeshuka tangu wakati huo, lakini ngoja kwanza tuitazame hesabu hii, maana imebeba mtego ambao sisi Waswahili tutauingia tukicheka. Kwa chopa moja, inawezekana kabisa kukaa miaka kumi bila hata mkwaruzo, huku kila kitu kikifanywa ovyo. Rubani hajalala, nyaya hazijachorwa kwenye ramani, hakuna anayesoma utabiri wa hali ya hewa, na bado mwaka wa kumi mkurugenzi atasimama mbele ya kamera aseme hatujawahi kupata ajali. Atakuwa anasema kweli, na kauli yake itakuwa haina uzito wowote.

Polisi wa jimbo la Maryland, ambao ndio wanaoendesha helikopta za wagonjwa huko, walikuwa na rekodi ya namna hiyo. Tangu 1986 walikuwa hawajapoteza mtu. Usiku wa kuamkia Septemba 28, 2008, helikopta yao moja ilikwenda kuchukua wasichana wawili waliopata ajali ya gari. Njiani ukungu ukashuka, rubani akaacha kwenda hospitali, akatafuta uwanja wa ndege wa kutua, akaangukia kwenye miti ya bustani ya umma. Ndani walikuwa watano, akapona mmoja wa wale wasichana. Miaka 22 ya usalama ikaishia hapo.

Kilichofuata Maryland kinanivutia kuliko ajali yenyewe. Walijiuliza swali ambalo halikuwa la rubani: hivi wagonjwa wote hawa tunaowabeba wanahitaji kubebwa kwa helikopta? Wakaweka utaratibu kwamba kwa wale ambao uzito wa majeraha yao hauonekani wazi, mhudumu aliyeko barabarani azungumze kwanza na daktari kabla ya kuiita. Safari zikapungua sana. Miaka miwili kabla ya ajali hiyo kulikuwa kumechapishwa uchambuzi uliokusanya tafiti 22 za wagonjwa zaidi ya 37,000 waliobebwa kwa helikopta kutoka kwenye matukio ya ajali. Takriban asilimia 60 walikuwa na majeraha madogo. Mmoja kati ya wanne aliruhusiwa kwenda nyumbani ndani ya saa 24.

Soma tena hapo. Robo ya watu waliorushwa juu ya nyaya na miti walikuwa nyumbani wakila wali siku iliyofuata. Wangekwenda kwa gari wangefika, na wahudumu wao wasingewekwa rehani.

Miaka kadhaa iliyopita nilisindikiza mama yangu mdogo kwenye gari la wagonjwa, tukitokea upande wa Kibaha. Kuanzia Kimara dereva akaingia njia ya mwendokasi, tukafika hospitali mapema kuliko nilivyoogopa. Halafu tukakaa mapokezi karibu dakika 40. Machela ilikuwa inatafutwa, kisha faili, kisha mtu wa kusaini. Hospitali siitaji, na kwa kweli ingeweza kuwa nyingine yoyote. Kila nikisikia hoja ya chopa naikumbuka ile benchi ya mbao: dakika zote ambazo helikopta ingetuokolea juu ya Ubungo zingeliwa palepale chini, mbele ya dirisha la mapokezi.

Turudi angani, kwenye kinachoua hasa. Watu wengi hudhani ni injini kuzima. Injini huzima, ndiyo, lakini ajali zinazoua wahudumu wa helikopta za wagonjwa kwa wingi ni za mashine nzima isiyo na kasoro inayogonga kilima, mti, waya au ardhi, usiku au kwenye mawingu, ikiendeshwa na rubani mzoefu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walizipitia ajali 182 za Marekani za kati ya 1983 na 2005. Kwenye giza, asilimia 56 ya ajali ziliua. Mchana ni 24. Kwenye hali mbaya ya hewa ziliua asilimia 77. Hewa ikiwa safi, 31. Moto ukiwaka baada ya kuanguka, 76. Kwa maneno mengine, usiku wa masika ndio muuaji mkuu, na hapa Dar giza linaingia kwa haraka: saa kumi na mbili na nusu jioni jua linazama, dakika ishirini baadaye huoni mkono wako ukiwa nje ya taa za mji.

Rubani akiingia kwenye wingu bila kujiandaa, mwili wake ndio unaomsaliti. Kimiminika cha ndani ya sikio kinamwambia amenyooka wakati anainama. Mwaka 1954 Chuo Kikuu cha Illinois kilichapisha jaribio maarufu: wanafunzi 20 wasiojua kuruka kwa kutegemea vyombo walipelekwa angani na ndege ndogo, mwalimu akiwa pembeni, kisha wakazuiwa kuona nje. Wote 20 walipoteza udhibiti. Kwa wastani iliwachukua sekunde 178, yaani pungufu ya dakika tatu. Na ile ilikuwa ndege yenye mabawa, ambayo ukiiachia hujaribu kujinyoosha yenyewe kwa muda. Helikopta isiyo na mtambo wa kujiendesha haina subira hiyo.

Sasa mweke rubani huyo kwenye chumba cha zamu, saa nane usiku, mvua inanyunya. Simu inalia. Mwambie: "Ni mtoto wa miaka mitatu, ameungua, anakata roho." Hapo umeshamharibia hesabu zake zote. Dakika moja iliyopita alikuwa anatazama mawingu. Sasa anamtazama mtoto. Ndiyo maana vituo vinavyojielewa humficha rubani habari za mgonjwa mpaka aseme ndiyo au hapana. Anaambiwa mahali, umbali, na uzito wa kubeba. Hajui kama ni mtoto, mzee au jambazi. Jibu lake linatoka kwenye hali ya hewa peke yake. Na likishatoka, kuna kanuni ya pili: wote watakaopanda, rubani, muuguzi na daktari, lazima wakubali ndipo iruke. Mmoja akisema nafsi yake haijatulia, safari imekufa, na haulizwi kwa nini mpaka kesho.

Lakini hata "hapana" ina njia yake ya kuzungukwa. Januari 2019, jimbo la Ohio, hospitali moja ilitaka mgonjwa wake ahamishwe. Kampuni nyingine zilikuwa zimeshakataa kwa sababu ya hali ya hewa. Simu ikaendelea kupigwa mpaka ikapatikana kampuni iliyokubali. Helikopta ikaingia kwenye theluji iliyokuwa ikianguka kabla hata ya kumfikia mgonjwa, wakafa wote watatu waliokuwamo. Wamarekani wana jina la mchezo huu, linalomfananisha anayepiga simu na mtu anayezunguka Kariakoo maduka kumi akitafuta wa kumpunguzia bei. Aliyekubali mwisho mara nyingi hajui kwamba tisa walikwisha kataa. Dawa yake ni nyepesi mno hata inaudhi: kampuni zote zinazohudumia eneo moja zishirikishane orodha ya zilizokataa na sababu.

Hiyo habari ya kufa kabla ya kumfikia mgonjwa haikuwa bahati mbaya ya Ohio. Bodi ileile ya Marekani ilitoa ripoti nyingine mwaka 2006, ikipitia ajali 55 za helikopta na ndege za wagonjwa zilizoua watu 54 ndani ya miaka mitatu, Januari 2002 hadi Januari 2005. Sehemu kubwa zilitokea chombo kikiwa hakina mgonjwa ndani. Sheria ya huko ilikuwa na tundu la ajabu: mgonjwa akiwamo, masharti ya hali ya hewa na ya saa za kazi za rubani yanakaza, mgonjwa akiwa hayumo, yanalegea, kana kwamba muuguzi na daktari walioko nyuma ni mizigo. Bodi ilisema ajali 29 kati ya zile 55 zingeweza kuzuiwa kwa hatua ilizopendekeza. Ilichukua mpaka Februari 2014 kwa mamlaka ya anga ya huko kutoa kanuni mpya kamili: masharti yaleyale hata bila mgonjwa, tathmini ya hatari kabla ya kila safari, chombo cha kumtahadharisha rubani kuwa ardhi iko karibu, na kampuni yenye helikopta kumi au zaidi iwe na chumba cha uangalizi kinachofuatilia kila safari. Miaka minane ya vikao. Sisi hatuna sababu ya kurudia safari hiyo. Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania inaweza kuyaandika hayo kabla chopa ya kwanza haijasajiliwa.

Fedha nazo zina mdomo wao angani. Marekani, kampuni hulipwa mgonjwa anapobebwa. Asipobebwa, hakuna bili. Mwaka 2017 nusu ya bili za safari moja ya helikopta zilizidi kama dola 36,400. Rubani anayesema hapana anaigharimu kampuni yake kiasi hicho kwa neno moja, hata kama bosi hamwambii lolote. Uingereza na Wales walikwenda njia nyingine: helikopta nyingi zinaendeshwa na mashirika ya hisani kwa michango ya wananchi, na safari isiyofanyika haimpunguzii mtu mshahara. Nepal mwaka 2018 iligubikwa na kashfa ya uokoaji wa uongo, wapanda milima wakirushwa kwa helikopta bila kuumwa ili bima zilipe. Tukija kulipia huduma hii, iwe kwa bima au kwa bajeti ya serikali, tulipie utayari: helikopta ipo, rubani yupo, amelala vya kutosha. Mkataba wa kulipa kwa kila safari ni mkataba wa kuruka kwenye mvua.

Kuna shinikizo jingine ambalo halimo kwenye ripoti za Washington, maana ni letu. Rubani amekataa, saa tisa usiku. Dakika tano baadaye simu yake ya mkononi inalia. Ni mheshimiwa. Mgonjwa ni shemeji yake. "Kijana, hebu jitahidi." Nani kati yetu aliyelelewa kusema "hapana, mzee" kwa sauti iliyonyooka? Tuna shikamoo, tuna "maelekezo kutoka juu", tuna dereva wa serikali anayekimbiza gari kilomita 140 kwa saa kwa sababu bosi amechelewa kikao. Utamaduni huo barabarani unaua wachache wachache. Ukipandishwa kwenye chopa ya usiku, ndani ya wingu, una sekunde 178.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza tutanunua aina gani, mimi ningetaka kuiona karatasi moja: inayosema rubani akikataa hakuna mtu mwenye mamlaka ya kumbatilishia, awe mganga mkuu, mkuu wa mkoa au waziri, na namba yake ya simu haitolewi kwa mtu yeyote nje ya chumba cha uratibu. Chumba chenyewe si ndoto. Mpango wa m-mama umetuonyesha: mjamzito au kichanga akiwa hatarini, inapigwa namba 115 bila malipo, mratibu anatafuta gari la wagonjwa, na lisipopatikana anaitwa dereva wa kawaida aliyesajiliwa katika eneo hilo. Hakuna kinachoruka hapo, na watu wanafika. Kwa safari ndefu nako, kama ya Mafia au ya mikoa ya mbali, ndege yenye mabawa inayotoka kiwanja hadi kiwanja huwa na hatari chache kuliko helikopta inayotafuta pa kutua. Madaktari wanaoruka wa Amref, walioanza mwaka 1957, wamejenga jina lao zaidi kwa ndege za namna hiyo.

Ndani ya Dar yenyewe, tatizo ni ardhi. Helikopta inasukuma hewa chini kwa nguvu ambayo anayeitazama kwa mbali haidhanii. Machi 2022, kwenye hospitali ya Derriford mjini Plymouth, Uingereza, helikopta kubwa ya uokoaji ilipokuwa ikitua, upepo wake ulimwangusha bibi wa miaka 87 kwenye maegesho ya magari. Alifariki. Hiyo ni nchi yenye kanuni, kituo rasmi cha kutulia, na lami. Sasa weka upepo huohuo Mbagala au Manzese: mabati yaliyoshikiliwa kwa matofali, miavuli ya wauza chipsi, vyombo vya mama ntilie, waya za umeme zinazokatiza kila uchochoro, na vumbi linalomfumba rubani macho mita tano kabla ya kugusa chini.

Na watu. Watanzania chopa tumeifahamu kwenye kampeni. Tangu Freeman Mbowe alipozunguka nayo nchi mwaka 2005, ikisikika tu watoto wanatoka madarasani, wanaikimbilia. Leo watakimbia na simu zimeinuliwa juu, wakirekodi, na mapanga ya mkiani yakizunguka kwa kasi hayaonekani. Kwa hiyo hakuna kutua popote panapoonekana wazi. Lazima ziwe sehemu zilizopimwa mapema, moja moja kwa kila kata, nyaya zake zimechorwa, askari wa zamu anajulikana, taa zake zinawaka. Jangwani patafaa mpaka Msimbazi ufurike. Vinavyobaki ni viwanja vya shule, vingi vikiwa na ukuta na geti.

Juzi nilipita kwenye kimoja cha namna hiyo, Kimara, saa mbili usiku. Uwanja mzuri, mpana, magoli mawili ya chuma, nguzo ya umeme kwenye kona moja na taa isiyowaka. Nikamuuliza mlinzi ufunguo wa geti anakaa nao nani. Akaniambia ni mwalimu mkuu, anaishi Kibamba, na simu huwa anaizima saa nne.